Joho la Wakili na Mtaro wa Mlima Kenya

Joho la wakili halina kazi shambani Rongai. Ng'ombe hawaogopi samansi, na nyasi zikikauka hakuna mahakama ya kuzishtaki. Hata hivyo Walter Redlich alilibeba joho lake jeusi kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 1938, kama mtu aliyefukuzwa kwake akaondoka na ufunguo wa mlango mfukoni. Malaria ilipomwangusha, aliyekesha naye ni Owuor, mpishi wake Mjaluo. Homa iliposhuka Walter alitazama huku na huku, akaona hana kitu cha kumpa mtu aliyemrudishia uhai. Akafungua sanduku, akatoa lile joho, akampa.

Tangu siku hiyo joho lilipata mwenyewe. Familia ilipohamia shamba la Ol Joro Orok, Owuor alilivaa akaifuata.

Walter na Owuor ni watu wa riwaya. Riwaya yenyewe inaitwa *Nirgendwo in Afrika*, yaani "Si popote, Afrika", na ilitolewa Ujerumani mwaka 1995. Lakini mtu akisema ni hadithi ya kubuni tu, atakuwa amesema nusu. Mwandishi, Stefanie Zweig, alikuwa yule mtoto aliyemo kitabuni. Alizaliwa mwaka 1932 mjini Leobschütz, mji wa Silesia ambao leo uko Poland na unaitwa Głubczyce. Baba yake alikuwa wakili kwelikweli. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 hawakuanza na risasi. Walianza na riziki. Hakimu Myahudi, mwalimu Myahudi, daktari, wakili, kila mmoja alipunguziwa nafasi ya kusimama, na kufikia mwisho wa mwaka 1938 hapakuwa na Myahudi aliyeruhusiwa kufanya kazi ya uwakili Ujerumani nzima.

Familia hiyo iliponea chupuchupu. Baba alitangulia Kenya, mama na binti wakafuata mwaka huohuo. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto kote Ujerumani, na Wayahudi wanaume wapatao 30,000 wakakamatwa wakapelekwa kambini. Waliokuwa wakijiuliza kama waondoke au wasubiri upepo upite walijibiwa usiku huo.

Kitabu hiki nilikisoma katika tafsiri, sehemu kubwa ndani ya matatu baina ya Embu na Meru. Ni njia nzuri ya kusomea kitabu cha namna hii. Barabara inazunguka kiuno cha mlima: kushoto msitu, kulia mashamba ya chai na kahawa yanayoteremka hadi joto la Mbeere na Tharaka. Runyenjes, Chuka, Nkubu. Utingo anaita majina, abiria wanashuka na vikapu vyao, nami niko Rongai na Ol Joro Orok na mama mmoja wa Kijerumani anayelia kwa sababu ya barua.

Maana kitabu hiki, ukikitazama vizuri, ni kitabu cha barua. Jettel, mke wa Walter, amemwacha mama yake na dada yake Breslau. Walter amemwacha baba yake na dada yake. Mwanzoni barua zinafika. Zinauliza habari za mtoto, zinalalamika juu ya bei ya vitu, zinaomba msaada wa viza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anaomba. Kisha vita vinaanza, na barua zinafupika. Hilo nalo si la kubuni: familia zilizotenganishwa na mpaka wa maadui kwa kawaida ziliandikiana kupitia Msalaba Mwekundu, na ujumbe haukuruhusiwa kuzidi maneno 25. Maneno ishirini na matano! Jaribu kumuaga mama yako kwa kipimo hicho. Halafu linakuja neno moja kwamba wanapelekwa Poland. Walter anajua maana yake. Jettel hataki kuijua, na msomaji anabaki kati yao.

Mtoto wao, Regina kitabuni, yeye yuko kwingine kabisa. Anajifunza Kiswahili kwa Owuor, anasikia hadithi motoni, anaitwa "memsahib kidogo", na Ujerumani inamtoka kichwani kama ndoto ya asubuhi. Hapo ndipo Zweig anapopata ufundi wake. Wazazi wanalia nchi waliyofukuzwa, mtoto anapenda nchi waliyokimbilia, na familia iliyonusurika mikononi mwa Wanazi inaanza kupasuka yenyewe mezani, taratibu, kwa maneno ya kila siku. Jettel alipoondoka Ujerumani, badala ya kununua jokofu ambalo mumewe alimsisitizia alete, alinunua gauni la dansi. Wengine wamemcheka. Mimi sikucheka. Mtu anayenunua gauni la dansi ni mtu ambaye bado anadhani kutakuwa na dansi.

Wala Kenya yenyewe haikuwapokea kwa mikono miwili. Serikali ya kikoloni ilitaka dhamana ya pesa kwa kila mkimbizi, na mara nyingi Wayahudi waliokwisha kukaa Nairobi ndio waliochanga. Hao walikuwa na historia yao. Mwaka 1903 Waingereza walikuwa wamewatajia viongozi wa Kizayuni uwanda wa Uasin Gishu kama mahali pa kuwapa Wayahudi makao. Mpango ukaitwa wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ni Kenya ya leo, na mwenye Uasin Gishu, Mnandi na Mmaasai, hakuulizwa. Mpango ulikataliwa na Wazayuni wenyewe mwaka 1905. Wachache walikuja hata hivyo, mmoja wao Abraham Block, aliyeanza bila kitu na mwaka 1927 akainunua hoteli ya Norfolk.

Ikumbuke hoteli hiyo. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, serikali iliwakamata Wajerumani wote waliokuwa Kenya. Wote: aliyemshangilia Hitler na aliyemkimbia. Pasipoti ilisema Mjerumani, basi adui. Katika riwaya Walter anachukuliwa shambani akapelekwa kambini, na wanawake na watoto wanafungiwa Norfolk, hoteli ya Myahudi, wakila chakula cha wageni wa heshima huku askari wakilinda mlango. Ni sehemu inayochekesha na kuuma kwa pamoja. Jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi iliingilia kati, wakimbizi wakaachiliwa baadaye, na Walter mwishowe akavaa sare ya jeshi la Uingereza. Mwaka 1947 akaipeleka familia yake Frankfurt, katika nchi ileile iliyowaua ndugu zake, akawe hakimu. Owuor alibaki Kenya. Stefanie Zweig aliishi Frankfurt, akawa mwandishi wa habari, na akafariki huko mwaka 2014.

Caroline Link aliitengeneza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 2001, nyingi yake ikapigwa hapahapa Kenya, na sehemu ya Owuor ikachezwa na Mkenya, Sidede Onyulo. Machi 2003 filamu ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Kwa mara moja ulimwengu ulikaa ukasikiliza Kiswahili cha jikoni kikimfariji Myahudi.

Sasa nieleze kwa nini kitabu hiki kimenishika nikiwa huku, upande wa mashariki wa mlima, ambako familia ya Redlich haikufika.

Kwanza, Mmeru hahitaji kufundishwa hadithi ya watu wanaotoroka usiku na watoto mgongoni. Anayo ya kwake. Wazee wa Meru husimulia kwamba babu zao walikaa Mbwaa, kisiwa au pwani iliyozungukwa na maji, wapo wanaosema ni Manda, mkabala na Lamu, wakitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa kazi zisizowezekana makusudi ili wapate sababu ya kuwaua. Mwisho kiongozi wao, Koome Njue, akawatoa. Maji yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limetoka wakawa Njeru, weupe. Hata leo koo za Meru hujitaja kwa rangi hizo.

Ni kitabu cha Kutoka cha Biblia, hilo halina ubishi, na wasomi wamelumbana kwa miaka mingi kama wazee waliipata hadithi kwa mababu au kwa wamisionari. Wapo Wameru wanaoenda mbali zaidi wakisema sisi ni Wayahudi, basi. Mimi sina haja ya kufika huko. Linalonitosha ni kwamba mzee wa Nchiru akisikia kisa cha Walter na joho lake, hatauliza kwa nini mtu anabeba kitu kisichomfaa. Babu zake waligawana rangi kwa saa waliyovukia maji. Anajua mtu aliyekimbia huhesabu vitu gani.

La pili ni zito zaidi.

Serikali iliyowapa akina Zweig hifadhi mwaka 1938, ikawafungia mwaka 1939 kwa sababu ya neno moja katika pasipoti, ndiyo hiyohiyo iliyotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952 ili kuzima uasi wa Mau Mau. Wazee wetu huiita Imajensi, na ukilitamka neno hilo mbele ya shosho wa Embu utaona mikono yake inaacha kufanya ilichokuwa ikifanya. Katika karatasi za serikali kulikuwa na herufi tatu: KEM. Kikuyu, Embu, Meru. Ukiwa mmoja wa hao, ulikuwa mtuhumiwa kabla hujafungua mdomo. Maskwota walifukuzwa katika mashamba ya Wazungu ya Bonde la Ufa, mashamba ya aina ileile ambayo Regina alichezea, wakasombwa kwa malori kurudishwa katika rizavu ambazo wengine wao hawakuwahi kuziona.

Tarehe 24 Aprili 1954 ilifanyika Operesheni Anvil jijini Nairobi. Askari waliuzunguka mji kukiwa bado giza. Watu walitolewa vyumbani, wakatengwa kwa kabila, na Mkikuyu, Membu na Mmeru wakasukumwa ndani ya seng'enge kuchujwa. Hapo alipita gakunia, mtu aliyefunikwa gunia kichwa hadi miguu, macho mawili tu yakionekana. Akitikisa kichwa, umekwisha. Huenda alikuwa jirani yako. Huenda mlikula pamoja Jumapili iliyopita. Watu wapatao 24,000 walipelekwa vizuizini kwa operesheni hiyo peke yake, Lang'ata, Mackinnon Road, Manyani. Wanawake na watoto wao walipandishwa magari ya kurudi nyumbani, na nyumbani penyewe palikuwa karibu kuvunjwa.

Maana Juni mwaka huohuo iliamuliwa watu wa rizavu wahamishwe wakae katika vijiji vya lazima. Zaidi ya watu milioni moja walitolewa katika maboma yao yaliyotawanyika vilimani wakabanwa katika vijiji zaidi ya 800, vyenye handaki pembeni, miti iliyochongwa ncha ndani ya handaki, na mnara wa homgadi, askari mwenyeji wa serikali. Amri ya kutotoka nje. Ruhusa ya kwenda shambani kwa saa. Na huku kwetu, ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, ukachimbwa mtaro wa maili 50 hivi, kama kilomita 80, kuwatenga wapiganaji wa msituni na chakula cha mama zao. Ulichimbwa kwa kazi ya lazima, kwa jembe na karai, na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa Manyani, msituni au kaburini.

Ndipo familia ya Embu ilipopata sura ambayo Jettel angeitambua mara moja. Baba Manyani. Mama akipatikana na hatia ya kupeleka unga msituni, gereza la Kamiti. Mtoto kwa shosho, ndani ya kijiji chenye handaki. Barua chache, tena zilizosomwa kwanza na mtu mwingine.

Wafungwa wa vizuizini waligawanywa kwa rangi: weupe, kijivu, weusi, kadiri serikali ilivyodhani kiapo cha Mau Mau kimemwingia mtu. Niliposoma hilo nilirudia mara mbili. Meru ilikuwa tayari imegawanya watu wake kwa rangi, usiku, alfajiri na mchana, na kila rangi ilikuwa ni jina la aliyeokoka. Mkoloni naye akaja na rangi zake. Mweusi wa Mbwaa ni aliyevuka wa kwanza. Mweusi wa Manyani ni asiyeachiliwa.

Waliokaribia kuachiliwa walirudishwa kambi za karibu na kwao. Nyingi kati ya hizo zilikuwa Mwea, ambako wakati huo kulikuwa wilaya ya Embu: Thiba, Kandongu, Gathigiriri, Tebere. Mifereji ya kwanza ya mpunga wa Mwea ilichimbwa kwa mikono ya watu wa vizuizini. Kila tunaposifu harufu ya pishori siku ya harusi tunasifu na hiyo. Mwaka 1957 kambi za Mwea ziliwekwa chini ya afisa wa kikoloni, Terence Gavaghan, na mtindo wake ulikuwa kuwachukua wafungwa wagumu kwa makundi madogo, wapigwe tangu mlangoni hadi wavunjike.

Juni 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu jambo hilo. Huyu si mpinzani, si mwandishi wa gazeti la London, si Mau Mau. Ni mwanasheria wa serikali yenyewe. Na katika barua hiyo alikiri kwamba yanayotendeka yanakumbusha, kwa namna ya kusikitisha, hali ya Ujerumani ya Wanazi au Urusi ya Wakomunisti. Kisha, badala ya kuweka kalamu chini na kujiuzulu, aliendelea kueleza ni sehemu gani za mwili mfungwa asipigwe ili kipigo kibaki ndani ya sheria.

Wakili wa Leobschütz alinyang'anywa sheria akaja Kenya na joho tupu. Wakili wa Nairobi alikuwa nayo sheria yote.

Nijihadhari hapa, maana kulinganisha ni kisu chenye makali pande mbili. Wanazi waliua Wayahudi milioni sita, na nia yao, iliyopangwa ofisini na kupimwa kwa ratiba za treni, ilikuwa asibaki hata mmoja. Kenya haikuwa hivyo. Hakuna aliyepanga Mmeru afutike duniani. Waliopelekwa kitanzini wakati wa Imajensi walizidi 1,000, waliokufa msituni na kambini bado wanabishaniwa na wanahistoria, lakini jambo lenyewe lilikuwa la aina nyingine. Mtu anayesema ni yaleyale hawatendei haki wafu wa pande zote mbili. Aliyeyaweka majina hayo mawili katika sentensi moja, kumbuka, si mimi.

Tena kuna tofauti nyingine inayotuhusu sisi zaidi. Familia ya Kiyahudi iliraruliwa na mkono wa nje. Ya kwetu mara nyingi iliraruliwa na mkono uliokuwa ukila nayo. Kaka mmoja msituni kwa kamanda wa Mau Mau, Musa Mwariama au Baimungi huko Meru, au kwa Kubukubu huku Embu. Kaka mwingine juu ya mnara, homgadi, bunduki begani. Huku wengine wakiwa kizuizini, katika sehemu nyingi mashamba yalipimwa na kugawanywa upya, na aliyekuwepo ndiye aliyeonyesha mpaka. Ukitaka kujua kwa nini familia fulani hazizungumzi mpaka leo kwenye matanga, usianzie kwenye uchawi. Anzia kwenye hati za ardhi.

Hiyo ndiyo riwaya. Sijui mwandishi angetaka nini zaidi.

Stefanie Zweig alisubiri hadi alipokaribia umri wa miaka 63 ndipo kitabu chake kikatoka. Alikuwa na faida kadhaa: alikuwa mwandishi kwa kazi, na Ujerumani ya miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha kukubali kusikia. Mitaani kwa miaka zaidi ya 30 sasa yamekuwa yakipachikwa mawe madogo yenye bamba la shaba mbele ya nyumba walikotolewa wahanga wa Wanazi, jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuchukuliwa, yamepita 100,000 Ulaya nzima. Unatembea unakwenda kununua mkate, unamkanyaga mtu, unasoma jina lake. Kwetu, Mau Mau ilibaki chama kilichopigwa marufuku kisheria miaka 40 baada ya uhuru. Marufuku iliondolewa mwaka 2003. Mwaka uleule ambao filamu ya familia ya Redlich ilishinda Oscar. Hata mwandishi wa riwaya angeogopa kuweka sadfa ya namna hiyo.

Ushahidi wetu ulifika mahakamani kabla ya kufika vitabuni. Jane Muthoni Mara alikuwa msichana wa miaka 15 mwaka 1954 alipopelekwa kambi ya kuchujwa ya Gatithi, katika wilaya ya Embu ya wakati huo. Walitaka awaambie kaka yake yuko wapi. Walichomtendea alikieleza mwenyewe kwa kiapo mbele ya Mahakama Kuu ya London, akiwa nyanya mzima, na sitakirudia hapa kwa sababu gazeti hili linasomwa na watoto. Yeye na wenzake, kina Wambugu Nyingi, Paulo Nzili na Ndiku Mutua, waliishtaki serikali ya Uingereza. Katika kesi hiyo ndipo Waingereza walipolazimika kukiri mwaka 2011 kwamba maboksi takriban 300 ya nyaraka yaliyotoroshwa Kenya wakati wa uhuru yalikuwa yamelala katika kituo chao cha Hanslope Park muda wote huo. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni akasema serikali yake inajutia, na pauni milioni 19.9 zikalipwa kwa watu 5,228. Mwaka 2015 sanamu ikazinduliwa Uhuru Park: mwanamke akimpa mpiganaji chakula, nyuso zao zimegeuzwa ili wasijuane.

Sanamu ni nzuri. Kiapo cha mahakamani ni muhimu. Ila kiapo kinajibu swali la wakili: lini, wapi, nani, kwa kitu gani. Hakina nafasi ya gauni la dansi. Hakielezi mtoto alimwita nani mama katika miaka ile mitatu mama alipokuwa gerezani, wala siku aliporudi mtoto alijificha nyuma ya nani. Hilo ni la riwaya, na ndilo linalomfanya kijana wa kidato cha tatu pale Runyenjes asahau simu yake kwa saa mbili.

Si kwamba hatukuandika. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Limuru alituonyesha mtoto akirudi likizo kutoka shule ya Alliance na kukuta kijiji chake hakipo, kimebaki vifusi. Meja Mwangi wa Nanyuki aliingia msituni na *Carcase for Hounds* mwaka 1974. Kwa Kiswahili P. M. Kareithi alitangulia mapema, mwaka 1969, na *Kaburi Bila Msalaba*, na ni aibu kwamba leo ni vigumu kukipata dukani. Lakini hesabu tena: Limuru, Nanyuki. Ukivuka Mto Thuci kuingia Chuka, rafu inapungua. Ukifika Igembe imebaki mbao. Katika KEM, E na M ziliteswa kama K. Kuandikwa ndiko kumekuwa kwa K.

Nimewahi kusikia hoja kwamba wazee hawataki kukumbuka. Nusu ni kweli. Stefanie Zweig mwenyewe hakuanza na huzuni. Alianza na harufu ya jiko, wimbo wa mpishi, mbwa, mvua ya kwanza baada ya ukame. Huzuni ilikuja yenyewe ikakaa kwenye kiti chake. Usimwendee shosho na swali la "ulionewaje?" Atakujibu kama alivyomjibu homgadi: sijui, sikuona. Muulize walipika nini kijijini. Muulize nyumba yao ya zamani, kabla ya kuhamishwa, ilielekea wapi, na mti gani ulikuwa mlangoni. Muulize nani alimfundisha kushona alipokuwa Kamiti. Muulize baba alirudi amevaa nini.

Sehemu za ule mtaro zimefukiwa, nyingine zimegeuka mpaka wa shamba, chai upande huu, msitu upande ule. Watoto wanauruka wakitafuta kuni. Wengi wao hawajui ulichimbwa na nani, na waliouchimba wanaweza kuwa wameketi nyumba ya tatu kutoka hapo, wakiota jua.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi hivi siku ya Operesheni Anvil alizaliwa mwaka 1944. Piga hesabu mwenyewe. Kama yuko kwenu, na ni Jumapili huna kazi, chukua daftari, mwekee chai, anza na ule mti wa mlangoni.